Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kutabiri radi na mvua za monsuni kwenye jangwa la juu la Arizona na New Mexico

Kila mwaka ikikaribia mwezi wa 7 naulizwa yale yale, na wanaouliza ni watu wetu: waliotoka Kivu, Kigoma, Bujumbura, Mombasa, wengine madereva wenzangu wa malori ya I-40, haiwei inayopita Flagstaff na Albuquerque, wengine kina mama wa Phoenix na Tucson wanaopandisha watoto huku Flagstaff wikendi kukimbia joto. Nimeona niyaweke yote pamoja. Mimi naishi Flagstaff, naendesha lori, na nimepitia mafunzo ya bure ya Skywarn, ya watu wa kujitolea kuangalia na kuripoti hali mbaya ya hewa, yanayotolewa na Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani, humu nitaiita NWS. Saa zote humu ni za Kiswahili, saa 7 mchana ndo ile simu inaandika 1 pm. Na nikisema radi namaanisha dhoruba nzima ya ngurumo, mmweko wenyewe nauita umeme.

## Mambo ya msingi

Monsuni si ni ya India? Imefikaje Arizona?

Monsuni sio mvua, monsuni ni upepo unaogeuka kufuata msimu, na sisi wa pwani hii kitu tunaijua kabla hatujajua kusoma manake ndo kaskazi na kusi. Hata neno lenyewe, Kiarabu wanasema mausim, Wazungu wakalifanya lao, sisi tukasema msimu, kwa hiyo monsuni na msimu ni mtu na ndugu yake.

Huku sehemu kubwa ya mwaka upepo unatoka magharibi, mkavu kabisa. Kiangazi jua likishapika nchi kavu ya Mexico na Marekani kusini magharibi, upepo wa juu unageuka unaanza kutokea kusini na kusini mashariki, unabeba unyevu wa Ghuba ya California, wa Pasifiki upande wa Mexico, na huko juu zaidi unyevu mwingine wa Ghuba ya Mexico. Mvua zinaanza kwanza kwenye milima ya Sierra Madre Occidental huko Mexico mwezi wa 6 halafu zinapanda taratibu kaskazini mpaka zinatufikia. Sisi huku ni ncha tu ya mkia wa kitu ambacho mwili wake uko Mexico, ndo maana kinayumba sana, wiki ipo wiki haipo.

Inaanza lini, inaisha lini?

Kwenye kalenda ni Juni 15 mpaka Septemba 30, NWS waliamua hivyo mwaka 2008. Zamani Phoenix na Tucson walikuwa wanahesabu siku tatu mfululizo ambazo nukta ya umande imefika kiwango fulani (nukta ya umande nimeielezea chini, kwenye maswali ya kusoma siku). Kwa uhalisia Flagstaff mvua zenyewe mara nyingi zinashika mwanzoni mwa mwezi wa 7, na mwezi wa 6 ndo mkavu kuliko yote, nyasi zinavunjika ukizikanyaga, na moto wa misitu ndo unakuwa kwenye kilele. Radi za kwanza kabisa ndo mbaya kwa moto manake zinakuja na umeme kabla hazijaja na maji.

Jangwa la juu ni wapi hasa?

Flagstaff iko kama mita 2,100 toka usawa wa bahari, Santa Fe vilevile au zaidi kidogo, Albuquerque kama 1,600, Winslow karibu 1,500. Phoenix iko mita 330 tu, hiyo ni jangwa la chini, na ina tabia zake. Ukishuka toka Flagstaff kwenda Phoenix kwa I-17 unatoka kwenye misonobari unaingia kwenye saguaro, yale makaktasi marefu, ndani ya masaa mawili, na radi nazo zinashuka njia hiyohiyo jioni, nitafika huko.

Kwa nini mvua inakuja mchana kila siku kama imewekewa alamu?

Hili ndo swali la msingi kuliko yote, ukilielewa hili nusu ya kutabiri umemaliza.

Ardhi iliyoko mita 2,100 ikipigwa jua inapasha hewa iliyo juu angani tayari. Hewa ya urefu huohuo lakini juu ya bonde haina ardhi ya kuipasha, inabaki baridi. Kwa hiyo mlima ni kama jiko lililowekwa hewani. Hewa ya moto inapanda mlimani, na ya mabondeni inavutwa kuja kujaza nafasi, toka pande zote, zinakutana kileleni hazina pa kwenda ila juu.

Njoo siku moja ya mwezi wa 7 usimame mjini Flagstaff uangalie San Francisco Peaks, kilele cha Humphreys ni mita 3,851. Saa 3 asubuhi anga bluu tupu. Saa 4 kinatokea kijipamba kimoja upande wa kulia wa kilele, kinayeyuka, kinatokea kingine pale pale. Saa 5 hakiyeyuki tena, kinakaa, na chini yake pamekuwa bapa kama pamekatwa na kisu, hapo bapa ndo unyevu unapogeuka wingu. Halafu kinaanza kuchemka juu, kama koliflawa, kingo kali kabisa. Kingo zikiwa kali maana yake bado kinakua. Zikianza kulainika na kuwa kama nywele zilizochanwa, huko juu pameshakuwa barafu, na ngurumo ya kwanza haiko mbali. Siku nzuri inasikika saa 6 au 7 mchana, na baada ya hapo wingu linaachia mlima na kutembea.

## Kusoma siku

Asubuhi nikiamka niangalie nini?

Mambo matatu kwa mpangilio huu: kuna unyevu? upepo wa juu unasukuma kuelekea wapi? jua litapata nafasi? Wengi wanaanza na picha ya wingu na asilimia kwenye apu na hapo ndo wanapopotea.

Unyevu unaupata kwenye puto. Kituo cha NWS cha Flagstaff, ambacho kiko Bellemont, kinarusha puto saa 11 alfajiri na saa 11 jioni, na moja ya namba zinazotoka ni maji yote yaliyomo hewani juu ya kichwa chako kama ungeyakamua yakaanguka. Kanuni yangu mimi kwa huku juu: chini ya milimita 15 nategemea mawingu mazuri na labda radi kavu, yaani umeme bila mvua kufika chini, ikifika 20 nategemea mvua, ikipita 25 naanza kufikiria mafuriko. Phoenix namba zinakuwa kubwa zaidi manake kuna hewa nyingi zaidi juu yao, usizilinganishe moja kwa moja.

Jua sasa. Asubuhi ikiamka na mawingu mazito yaliyobaki toka usiku, ardhi inachelewa kupata moto, na siku ambayo kila mtu alisema itamwaga inaweza ikapita kimya. Lakini mawingu yakipasuka saa 5 na unyevu upo mwingi, hapo kaa macho.

Kila mtabiri anataja "High" ya Four Corners. Ni nini?

Ni mgandamizo mkubwa wa hewa unaokaa juu kabisa angani kiangazi, na upepo unauzunguka kwa kufuata mshale wa saa. Four Corners ni pale Arizona, New Mexico, Utah na Colorado zinapogusana. Mgandamizo ukikaa pale, sisi tulioko kusini na magharibi yake tunapata upepo wa mashariki na kusini mashariki, unyevu unaingia, na radi zilizozaliwa kwenye milima na ukingo wa Mogollon, lile genge refu linalokata katikati ya Arizona, zinasukumwa kushuka mpaka Phoenix jioni. Ukihamia magharibi juu ya California tunapata upepo wa kaskazini na ukame. Ukisogea mashariki kuelekea Texas mara nyingi unyevu unapanda moja kwa moja toka Mexico.

Na ukikaa juu ya kichwa chetu kabisa? Unakandamiza, hewa inashuka, joto linapanda na mawingu yanabaki kuwa vijipamba. Kwa hiyo mtu akikuambia tu "high ipo" hajakuambia kitu, muulize ipo wapi.

Nukta ya umande ni nini, na kwa nini nisitumie asilimia ya unyevu?

Ni joto ambalo hewa ikipoa kulifikia inaanza kutoa umande. Uzuri wake haidanganywi na joto la mchana. Asilimia inapanda alfajiri na kushuka mchana hata kama maji hewani ni yaleyale. Phoenix kiwango cha zamani kilikuwa Farenaiti 55, Tucson 54. Huku juu nikiona 50 na zaidi, yaani Selsiasi 10, asubuhi na bado ipo saa 6 mchana, siachi nguo kwenye kamba.

Apu inaniandikia 30% kila siku mwezi mzima. Ina faida gani?

Ina faida ukijua inasema nini. Ile 30% maana yake sehemu yoyote moja, mfano bati la nyumba yako, ina nafasi tatu kwa kumi ya kupata mvua angalau robo milimita ndani ya muda ule. Haisemi itanyesha kidogo, wala haisemi itanyesha asilimia 30 ya siku. Jirani mtaa wa tatu anaweza akapata milimita 40 na wewe ukapata harufu tu, na wote wawili utabiri wenu ulikuwa sahihi.

Ndo maana nawaambia watu utabiri wa huku sio wa siku, ni wa saa. Asubuhi unajua kama mchezo upo. Saa 6 mchana unajua mlima gani umeanza. Saa 9 unaangalia pumzi ya mvua, soma jibu linalofuata. Atakayekuambia alfajiri kwamba mtaa wako utanyeshewa saa 10 kamili anakudanganya hata kama ana kompyuta.

Jana ilimwaga balaa, leo hali ni ileile na hamna kitu. Kwa nini?

Kwa sababu mvua ya jana ndo inayoamua mvua ya leo. Wingu likinyesha linamwaga hewa baridi chini, hewa hiyo inasambaa pande zote kama maji yaliyomwagwa kwenye sakafu, mimi naiita pumzi ya mvua, we unaisikia kama upepo wa ghafla wa baridi wenye harufu ya vumbi lililolowa na mreteni kabla hujaona tone. Ikikutana na pumzi ya wingu lingine, pale zinapogongana hewa inapanda na radi mpya inazaliwa, hata katikati ya bonde tambarare kusiko na mlima. Lakini kule ilikotoka panabaki hewa imepoa, imekaa, haitaki kupanda. Ikimwaga sana mpaka usiku, kesho yake hewa inaamka imechoka, na inaweza ikachukua siku nzima ya jua kuipa nguvu tena.

Nikiwa barabarani nikiona kwenye rada kijistari chembamba kinachotembea mbele ya mvua, hiyo ndo pumzi yenyewe, vumbi na wadudu vimebebwa mbele. Naangalia kinaelekea wapi, na ninajua hapo mbele baada ya nusu saa panaweza kuzaliwa kitu.

Modeli gani ya kompyuta ni ya kuamini?

Modeli kubwa za dunia ni kama wavu wenye macho makubwa mno, mlima mzima kwao ni kinundu tu. Kwa hizi radi utataka zenye macho madogo. HRRR ya Marekani ina vipimo vya kilomita 3 na inafanywa upya kila saa, na Chuo Kikuu cha Arizona wanaendesha ya kwao ya kilomita 1.8 kwa ajili ya eneo hili hasa. Usiangalie picha moja. Angalia nne tano zinazofuatana, zikikubaliana kwamba mchana ukingo wa Mogollon unawaka, amini hilo, ila usiamini kidoa kiko juu ya mtaa gani.

Na kabla ya modeli zote soma yale maelezo marefu ya watabiri wenyewe wa NWS kwenye weather.gov, Flagstaff, Albuquerque, Phoenix na Tucson kila kituo kinaandika yake kila siku. Pale mtu anakuambia ana wasiwasi na nini. Ni Kiingereza kigumu kidogo lakini utakizoea.

Naona wingu jeusi kabisa mbele yangu, rada haioneshi kitu. Rada imekufa?

Hapana. Rada ya Flagstaff imewekwa juu ya mlima, kama mita 2,260, na boriti yake inaenda mbele huku inapanda, ukiwa kilomita 150 inapita zaidi ya kilomita 2 juu ya ilipotoka. Kule Page au Kayenta, kaskazini kabisa ya Arizona, inaona juu ya wingu tu, chini haijui. Ukiwa kwenye ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huku, kaskazini, tumia setilaiti, GOES-West inatoa picha kila dakika 5 na inaona na mimweko ya umeme. Na tumia macho yako, ndugu, wingu jeusi ni jeusi.

## Maonyo na hatari

Watch na Warning za NWS tofauti yake ni nini?

Watch: viungo vyote viko jikoni. Warning: chakula kimeshaiva, kinatokea sasa hivi au dakika yoyote. Watch ya mafuriko ya ghafla unabadilisha mipango, unaahirisha makorongo. Warning unapanda sehemu ya juu sasa hivi, hupigi picha. Radi inaitwa kali ikiwa na upepo wa kilomita 93 kwa saa au mawe ya barafu ya sentimita 2.5, lakini umeme hauhesabiwi kabisa kwenye kipimo hicho, yaani radi ambayo haijapewa onyo lolote inaua vilevile.

Zile alerti zinazopiga kelele kwenye simu zinakuja kwa Kiingereza na Kihispania. Kama mama hajui kusoma Kiingereza, mfundishe maneno mawili tu, "Flash Flood", akiyaona anapanda juu na kupiga simu kwa mtoto.

Kama mvua hainyeshi nilipo, mafuriko yatatoka wapi?

Naomba hili jibu usome hata kama mengine umeruka.

Ardhi ya huku ni mwamba na udongo mgumu uliokauka, mvua ya nusu saa haizami, inateleza. Inakusanyika kwenye vijifereji, vijifereji kwenye korongo, korongo kwenye korongo kubwa, na wewe uko kilomita 15 chini yake, jua linakuwakia, watoto wanacheza kwenye mchanga. Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa ndani ya Antelope Canyon karibu na Page, na mvua iliyowaua ilinyesha mbali juu huko. Julai 15, 2017 karibu na Payson, watu 10 wa familia moja walichukuliwa wakiwa wanaogelea, walikuja kusherehekea birthday, mvua ilikuwa imepiga kovu la moto, yaani msitu ulioungua, juu ya mto.

Mimi nimeliona mara moja kwa karibu, kaskazini ya Flagstaff kando ya barabara ya 89. Nilisimamisha lori kupumzika, korongo kavu, mchanga mweupe, na huko mbali kusini magharibi wingu limekaa juu ya mlima. Nikasikia kitu kama lori jingine linakuja kwenye changarawe. Halafu likatokea, na sikuona maji, niliona takataka zinatembea: vijiti, magome, povu la rangi ya chai ya maziwa, urefu wa goti, linasogea kama mtu anayetembea haraka. Nyuma yake dakika moja maji yalikuwa kifuani. Nyuma ya hapo dakika nyingine mti mzima wa mreteni ulipita na mizizi yake.

Kwa hiyo unapotabiri huku usiulize "itanyesha hapa?" Uliza maji ya hapa yanatoka wapi, halafu angalia huko.

Maji yamepita barabarani, yanaonekana kidogo tu. Nivuke?

Usivuke. Sentimita 15 zinazokimbia zinaangusha mtu mzima, 30 zinabeba gari dogo, 60 zinabeba karibu gari lolote, hata pikapu. Na huoni kama lami bado ipo chini. Arizona kuna sheria ya mwaka 1995, ukizunguka kizuizi ukaingia kwenye maji wakaja kukuokoa unaweza kulipishwa gharama mpaka dola 2,000. Subiri, mengi hupungua baada ya saa moja mawili.

Kovu la moto ni nini, kwa nini linatajwa kila mwaka?

Moto mkali ukipita msituni unaunguza majani yote yaliyokuwa yananyonya maji na unaacha udongo unaosukuma maji kama sahani yenye mafuta. Mvua ambayo mwaka jana isingeshtua mtu, mwaka huu inashusha majivu, mawe na magogo. Moto wa Schultz uliwaka juu ya Flagstaff Juni 2010, na mwezi mmoja baadaye, Julai 20, mafuriko yakaua mtoto wa kike wa miaka 12. Ruidoso New Mexico iliungua Juni 2024, na tarehe 8 Julai 2025 mto ukapanda kufika kama mita 6, watatu wakafa.

Ukitafuta nyumba ya kupanga usiulize tu bei na shule. Uliza mlima ulio juu yako uliungua lini. Hatari inabaki miaka kadhaa.

Wakati wa radi tufunike vioo na tusivae nyekundu?

Wazazi wetu walitulinda kwa walichokijua, siwabezi. Lakini umeme hauangalii rangi wala kioo, unaangalia urefu, upweke na sehemu iliyo wazi. Ukisikia ngurumo tayari uko karibu vya kutosha kupigwa, ingia kwenye nyumba yenyewe, sio kibanda cha pikiniki wala hema, na usitoke mpaka zipite dakika 30 toka ngurumo ya mwisho. Usikae chini ya mti. Wanaopanda Humphreys, ondokeni saa 11 alfajiri na saa 5 asubuhi muwe mmeshageuka kushuka, kule juu hamna mti wala pa kujificha, na Julai 2016 kijana wa miaka 17 alipigwa huko akafariki.

Gari ni salama kwa sababu ya matairi ya mpira?

Ni salama, ila sio kwa matairi. Bodi ya chuma inaupitisha umeme nje na kuushusha chini. Funga vioo, usishike chuma. Pikipiki na gari la wazi hazimo.

Mvua inaning'inia angani, haifiki chini. Hiyo haina madhara si ndiyo?

Ndo mojawapo ya mbaya. Hewa ya chini huku ni kavu sana, matone yanakauka njiani, na yakikauka yanaipoza hewa, hewa iliyopoa ni nzito, inaanguka kama mzigo. Ikigonga chini inatawanyika kwa upepo ambao unaweza kupita kilomita 100 kwa saa na hakuna tone hata moja limekulowesha. Trela tupu linalala. Ukiona hayo mapazia ya kijivu yamekatikia hewani na chini yake vumbi linainuka kama duara, punguza mwendo kabla halijakufikia.

Upepo huo ndo unaogeuza moto pia. Yarnell, Arizona, Juni 30, 2013, moto ulioanzishwa na radi siku mbili kabla uligeuzwa na pumzi ya mvua ya karibu, wazima moto 19 wakafa pamoja. Kila nikipita huko chini natoa kofia.

Habubu likinikuta kwenye haiwei nifanyeje?

Habubu ni ukuta wa vumbi unaotembea, waliokaa Oman na Ghuba wanalijua jina na sura. Julai 5, 2011 lililoingia Phoenix lilikuwa na urefu wa mita kama 1,500 kwenda juu na upana wa karibu kilomita 160. Linatokana na pumzi ya mvua zikiungana, kwa hiyo ukiona radi nyingi kusini mashariki ya Phoenix saa 11 jioni, I-10 kati ya Tucson na Phoenix ni ya kuogopa, na upande wa New Mexico ni ile sehemu tambarare ya Lordsburg.

Toka barabarani kabisa, mbali na lami. Simama, weka breki ya mkono, zima taa zote pamoja na hazadi, toa mguu kwenye breki, mkanda ubaki umefungwa. Taa tunazima kwa sababu anayekuja nyuma haoni kitu, akiona nyekundu anadhani ndo barabara, anakufuata anakugonga.

## Maswali ya pembeni

Mbona wakati mwingine radi inapiga usiku wa manane?

Hapo sio mlima tena. Mara nyingi kuna mkunjo wa hewa unaosafiri toka mashariki kwenda magharibi chini ya ile High, au mabaki ya kimbunga cha Pasifiki yamepanda toka Mexico, au radi kubwa za Sonora huko Mexico zimesukuma unyevu kupitia Ghuba ya California usiku kucha. Siku hizo kanuni ya saa 7 mchana weka pembeni, na mvua yake inakuwa ya eneo kubwa. Watabiri mara nyingi wanaliona siku mbili tatu kabla.

Mwaka wa El Niño mvua zinakuwa nyingi?

Za baridi mara nyingi ndiyo, hizi za kiangazi uhusiano ni dhaifu. Tucson 2020 ilipata milimita 41 msimu mzima, 2021 ikapata 325, na miaka yote miwili ilikuwa inaelekea La Niña, kinyume cha El Niño. Phoenix 2023 ilipata milimita 3.8 tu, hiyo ndo ndogo kuliko yote kwenye rekodi. Atakayekuuzia utabiri wa msimu wa mtaa wako, mwache.

Mi nimekulia Kivu, radi za huku ni za kitoto. Niogope nini?

Ni kweli, Kabare huko Kivu ndo sehemu inayopigwa na umeme kuliko zote Afrika, mimweko kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Arizona haifiki hata robo. Lakini kule kwenu mvua inakuja na kijani, udongo unakunywa, mto unajulikana. Huku umeme ni haba na maji ni haba, na yakija yanapita pasipokuwa na mto. Uzoefu wako wa radi ni mali, uzoefu wako wa maji uanze upya.

Mvua ya mawe mwezi wa 8, barabara nyeupe kabisa. Ni kawaida?

Kawaida. Tuko juu, jiwe lina safari fupi toka kwenye baridi mpaka chini, halipati muda wa kuyeyuka. Endesha kama theluji.

Ile herufi Z kwenye ramani ni saa ngapi?

Ni saa ya Greenwich. Arizona toa masaa 7, mwaka mzima, manake hawabadilishi saa, isipokuwa ardhi ya Wanavajo. New Mexico kiangazi toa 6. Kwa hiyo 00Z ni saa 11 jioni Flagstaff na saa 12 jioni Albuquerque, madereva wa I-40 hapo ndo mnapochanganya.

Wanavajo wanasema mvua dume na mvua jike. Maana yake?

Dume ni hii ya kiangazi, ya ngurumo na kishindo, jike ni ile ya pole, ya rasharasha inayokaa na kuzama ardhini. Kwa mkulima tofauti hiyo ina uzito kuliko namba ya milimita, na nadhani watabiri wangeitumia tungeelewana haraka zaidi.

Nikiona mafuriko au mawe makubwa nimwambie nani?

Mtu akiwa hatarini, 911 kwanza, ukisema "Swahili" wengi wanaweza kukutafutia mkalimani, ila taja mahali ulipo kabla ya kitu kingine: namba ya barabara na namba ya maili kwenye kile kibao cha kijani. Kama hakuna aliye hatarini, ripoti kwa NWS kupitia weather.gov au namba utakayopewa kwenye mafunzo ya Skywarn. Wanataka vitu vinne: wapi, saa ngapi, umeona nini, kipimo. Jiwe lifananishe na sarafu, robo dola ndo sentimita 2.5. Maji yapime kwa gurudumu la gari lililosimama, sio kwa mguu wako.